Mguu Niliomwomba Daktari Aukate

Mimi naitwa Akai. Ninyi mnaongoja zamu yenu hapa hospitali, kabla sijapandisha sketi niwaonyeshe mguu huu, nataka kwanza mjue ulikuwa mguu wa mtu wa namna gani.

Nilikuwa mchuuzi wa samaki, na bado ni mchuuzi. Samaki wakavu nawachukua Longech, kule ziwani, nawapakia kwenye lori mpaka Lodwar, na kutoka Lodwar nawaleta hapa Kakuma, kwa sababu Wakongo na Warundi wa kambi ya wakimbizi hawawezi kukaa wiki nzima bila samaki. Leo niko ziwani, kesho niko Lodwar, kesho kutwa niko hapa sokoni nagombana na wanunuzi. Wenzangu walinitania kwamba hata kanisani nasimama karibu na mlango. Ni kweli. Kukaa kulikuwa kunaniwasha. Nikikaa kidogo tu, goti linaanza kucheza lenyewe. Mume wangu Ekal anachunga ngamia upande wa Kaaleng, na yeye ndiye mtulivu wa nyumba yetu. Anaweza kukaa na ngamia kutwa asitoe neno. Mimi nikikosa mtu wa kuongea naye, nafagia.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyeumwa na nyoka mguuni.

Ilikuwa hapa hapa Kakuma, mchana. Nilikuwa na chumba cha mabati ninachohifadhia magunia, pamoja na rafiki yangu Mama Espérance, Mkongo anayekaanga samaki sokoni. Nilikuwa na haraka, kama kawaida. Nikaingia na ndala, nikainua gunia la kwanza, nikalitupa pembeni. Nilipovuta la pili nikahisi kitu kimenidunga juu ya kifundo, kama sindano mbili za kushonea magunia zimeingia pamoja. Nilidhani ni waya wa bati. Nikatazama chini. Alikuwa amelala pale, mfupi, mnene, rangi ya mchanga, yule nyoka anayeitwa bafe. Hakukimbia hata. Alijivuta polepole, akaingia chini ya gunia lingine.

Nilipiga kelele nikatoka mbio. Hilo lilikuwa kosa, lakini nani anaumwa na nyoka anakumbuka kutembea kwa adabu? Mama Espérance alinidaka mlangoni.

"Akai, usitembeye! Minakuambia usitembeye! Kaa pa chini!"

Watu wakajaa. Mmoja akaja na wembe anichanje ili damu itoke. Mwingine akaja na mpira wa tairi anifunge pajani. Mama Espérance akasimama juu yangu na kile kijiko chake kirefu cha kukaangia.

"Mutu asimukate! Asimufunge! Leteni piki, tumupeleke ku hopitali!"

Nilipandishwa pikipiki, nimebanwa katikati ya dereva na Mama Espérance, mguu unaning'inia. Kabla hatujafika ulikuwa umeshaanza kuvimba. Shanga zangu za mguuni, zile nilizovaa tangu nilipoolewa, ziliingia ndani ya nyama mpaka nesi akazikata kwa mkasi. Zilitawanyika sakafuni na hakuna aliyeziokota.

Nilitundikiwa dripu, nikapewa dawa ya kuzuia sumu. Nilitapika. Fizi zilitoa damu. Mguu ulivimba ukafika gotini, ukapita goti, ukawa unang'aa kama ngozi ya ngoma. Nilimwuliza daktari wa zamu kama nitakufa. Akaniambia, "Umefika mapema. Wewe lala tu, utuachie kazi." Kulala tu! Hakujua anamwambia nani.

Maisha yangu yaliokolewa pale, na watu wale nawaombea mpaka leo. Lakini sumu ya yule nyoka ina kazi mbili. Ya kwanza ni kukuua. Ikishindwa hiyo, inakula nyama mahali ilipoingia. Yalitokea malengelenge makubwa yenye maji meusi. Kisha ngozi ikageuka rangi, ikawa zambarau, ikawa nyeusi kama ngozi ya kiatu, na ikaanza kunuka. Mimi nimezoea harufu ya samaki aliyeharibika, na harufu ile niliitambua mara moja. Ilikuwa ikitoka kwangu.

Nikapelekwa Lodwar kwa gari la wagonjwa. Huko nikampata daktari wa upasuaji, Daktari Wafula, mtu wa Bungoma, mrefu, anayeongea polepole mpaka unatamani kummalizia sentensi. Aliubonyeza mguu hapa na pale, akaniambia:

"Mama, sumu imetoka mwilini. Imebaki nyama iliyokufa. Hii lazima tuitoe, ili iliyo hai ipate nafasi."

Nilipotoka upasuaji sikutazama. Nilitazama siku iliyofuata, wakati wa kubadilisha bandeji. Ndugu zangu, kuanzia juu ya kifundo mpaka karibu na nusu ya muundi, upande wa nje, hakukuwa na ngozi. Palikuwa na shimo jekundu lenye sehemu za njano, na katikati niliona kitu cheupe kama kamba, nikaambiwa ndio mshipa unaovuta unyayo. Nikafumba macho. Niliwaza, huo si mguu wangu, ni mguu wa mbuzi aliyening'inizwa buchani.

Baada ya muda niliruhusiwa kutoka wodini. Nikakaa kwa dada yangu pale Lodwar, na mama yangu mzazi akaja kutoka Kaaleng kunihudumia. Kila asubuhi nilipelekwa kwenye kliniki ndogo ya mtaani kusafishwa kidonda. Na sasa nafika kwenye jambo lililonileta mbele yenu.

Kidonda changu kilikuwa kinafungwa kwa shashi, kile kitambaa cheupe chepesi chenye matundu. Wengi wenu mnakijua. Shashi si mbaya, imesaidia watu wengi, na nesi wa kliniki ile alikuwa mtu mpole aliyetumia alichokuwa nacho. Lakini kidonda changu kilikuwa kikubwa, kinatoa maji mengi, na joto la Lodwar mnalijua. Maji yale yakikauka, shashi inashikana na nyama, inakuwa kitu kimoja. Asubuhi nesi anamwagia maji ya chumvi, anangoja kidogo, lakini foleni ni ndefu, watu wanalia nje, naye anaanza kuvuta. Inatoka na ile nyama changa iliyokuwa imeanza kuota. Damu inatiririka upya. Ni kama kila asubuhi kidonda kinazaliwa tena.

Nilikuwa nauma leso ya mama yangu. Niliitoboa kwa meno. Nimezaa nyumbani bila dawa, lakini sijawahi kupiga kelele kama nilizopiga kwenye kile kitanda. Na uchungu wa kuzaa una mwisho, unapewa mtoto. Huu ulikuwa unanipa bandeji nyingine ya kung'olewa kesho.

Nilianza kuogopa mapambazuko. Nikisikia jogoo, mwili wote unatetemeka. Nikisikia harufu ya spiriti, hata kwa mtu mwingine, jasho linanitoka. Sikula vizuri. Nilimgombeza mama, nilimgombeza dada, nilimgombeza kuku. Siwezi kutembea, siwezi kulala, siwezi kukaa. Nilikuwa najivuta kwa makalio kutoka kivulini kwenda mlangoni, kutoka mlangoni kurudi kivulini, kutwa nzima, mpaka dada akasema nimemchimbia mfereji uani. Nasikia malori yakipita kwenda Kakuma, nayatambua kwa mlio, namjua dereva, na mimi niko chini kwenye vumbi.

Kuna siku nikakata shauri. Nikampigia Ekal simu. Nilimpata amepanda kilima penye mtandao.

"Mguu unasemaje?" akauliza.

"Mguu nimeuchoka. Nataka wautoe."

Alinyamaza. Niliposema anaweza kukaa kimya hamkunielewa. Nilisikia ngamia wakilia, nikasikia upepo, nikadhani simu imekatika.

"Waulize kwanza kama kuna njia nyingine," akasema. "Wakikuambia hakuna, mimi nitakuchongea gongo."

Hakunikaripia, hakulia. Nililia mimi.

Siku ya kliniki ya upasuaji ilipofika, niliingia kwa Daktari Wafula nimeegemea bega la mama. Kabla hajasema ejok, ile salamu yetu Waturkana ya kusema ni vyema, nikamwambia:

"Daktari, kata."

"Nikate nini?"

"Mguu. Kata hapa chini ya goti. Watu wanatembea na gongo, wanafanya biashara. Kata nirudi kazini."

Alinitazama, kisha akafungua bandeji mwenyewe. Alichukua muda mrefu, analowesha, anangoja, analowesha tena, na hata hivyo niliuma kidole changu. Akaangalia kidonda. Akagusa vidole vya mguu.

"Hebu vichezeshe."

Nikavichezesha.

"Unahisi nikikugusa hapa?"

"Nahisi."

"Vidole vina joto, vinacheza, damu inafika. Hakuna usaha wa kutisha. Mama, mguu huu uko hai. Niukate kwa sababu gani?"

Nikamwambia, "Kwa sababu ya asubuhi."

Hakuelewa. Mama akamweleza kwa Kiswahili chake cha Kaaleng: "Hii bandeji, daktari. Hii asubuhi wanatoa, yeye nalia kama mbuzi nachinjwa. Kila siku. Mimi ni mama yake, mimi nachoka kusikia."

Daktari Wafula akakaa chini. Akaniuliza kama nilikuwa nimewahi kumwambia mtu yeyote kwamba maumivu ni makali hivyo. Nikasema, nani asiyejua kidonda kinauma? Akatikisa kichwa.

"Kidonda kinauma, ndiyo. Lakini si lazima kitese mtu hivi. Kinachokufanya utake kukatwa mguu si kidonda, ni jinsi kinavyofungwa."

Akainuka, akafungua mlango, akaita, "Sister Mwende! Njoo uone mtu."

Sister Mwende ni Mkamba, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, ambaye kazi yake katika hospitali ile ilikuwa vidonda tu. Aliinama juu ya mguu wangu muda mrefu. Alinipa kidonge cha maumivu, akaniambia tungoje kianze kazi ndipo aniguse. Hilo peke yake lilinishangaza, mtu kungoja kwa ajili yangu. Kisha akasafisha kwa maji ya chumvi yaliyokuwa vuguvugu. Vuguvugu! Sikujua kwamba ubaridi wa maji nao ulikuwa sehemu ya mateso yangu.

Akaniambia anachofanya kila hatua. Kwenye zile sehemu za njano alipaka jeli, ute mzito usio na rangi. "Hii inalainisha ile nyama mfu, inaachia yenyewe, hatuing'oi." Nilihisi ubaridi mzuri, kama maji ya mtungi. Juu yake akaweka kitu nisichowahi kukiona: kipande kinene kama sponji, laini, upande mmoja una ngozi nyembamba inayoshika kidogo kidogo.

"Hii inanyonya maji ya kidonda, lakini haikikaushi," akasema. "Inashika ngozi nzima ya pembeni. Kwenye kidonda chenyewe haishiki. Na hatutaifungua kesho."

"Lini?"

"Ikijaa."

Akachukua kalamu akachora mstari juu ya sponji, karibu na ukingo. "Utaona doa likitanuka. Likifika kwenye huu mstari, njoo. Lisipofika, usije, usifungue, usichungulie. Nimekuambia usichungulie."

Ndugu zangu, maumivu yalipungua siku ile ile. Sisemi yaliisha. Yalikuwa yanapiga kwa mbali, kama ngoma ya kijiji kingine. Lakini nilipata taabu nyingine, ile ya kungoja. Asubuhi ya kwanza niliamka natetemeka kama kawaida, nikasubiri kupelekwa kliniki, na hakuna aliyenipeleka. Sikujua nifanye nini na hofu yangu. Nikalitazama lile doa kutwa. Nikaligusa pembeni. Nikainua ukingo kidogo kwa ukucha, mama akanichapa mkono kama mtoto.

Doa likafika mstarini. Nikarudi kwa Sister Mwende na leso yangu ya kuuma. Nikaiweka mdomoni, nikafumba macho, nikashika vyuma vya kitanda. Nikasikia maji. Nikasikia vidole vyake pembeni mwa ngozi. Nikangoja ule mvuto. Nikangoja.

"Haya, sasa naosha," akasema.

Nikatoa leso. "Kwani hujaanza kutoa?"

"Nimeshatoa. Iko hapa."

Alikuwa ameishika mkononi, sponji yote, ina maji ya njano, haina hata tone la damu yangu. Nilitazama mguu. Ile nyama changa ilikuwa imebaki mahali pake, nyekundu, imetulia. Nililia kuliko siku zote nilizong'olewa shashi. Sister Mwende alidhani ameniumiza, akarudi nyuma mikono juu.

Ningependa kuwaambia kwamba kutoka hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka.

Mama yangu hakuipenda sponji. Msimcheke. Mama ameponya mbuzi, ngamia na watu kwa miaka yote ya maisha yake, na kwake kidonda ni kitu cha kukausha: jua, upepo, na unga wa dawa juu yake. Aliona sponji imelowa, akaona ngozi ya pembeni imekuwa nyeupe kwa unyevu, na siku moja akasikia harufu. Mimi pia niliisikia. Nikakumbuka ile harufu ya kwanza ya Kakuma, na moyo ukanipasuka.

"Kinaoza humo ndani," mama akasema. "Wamekifunika kama maiti."

Ilikuwa wikendi. Sister Mwende hayupo, na doa lilikuwa bado halijafika mstarini. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema, toa. Mtu asiyeweza kutulia akipata sababu ya kufungua kitu, anafungua. Mama akaitoa, tukakuta ute wa njano wenye harufu. Akauosha, akaniweka juani, akafungua vidonge vya rangi mbili alivyonunua dukani, akanyunyiza ule unga mpaka shimo lote likawa kama limepakwa chokaa.

Kufikia jioni kidonda kilikuwa kikavu kweli. Kilikuwa kimekauka kikapasuka. Nikisogeza unyayo, nyufa zinafunguka. Yale maumivu yalirudi yote na wenzao. Mama alikaa karibu yangu akiona ninavyojipindapinda. Mwishowe akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ile sponji ilikuwa inakuacha ulale?"

"Ilikuwa inaniacha, mama."

Jumatatu alinipeleka mwenyewe. Nilidhani Sister Mwende atatupigia kelele, maana sauti anayo. Hakupiga. Ilimchukua muda mrefu kuloanisha ule unga na kuutoa kipande kwa kipande. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, ulisikia harufu?"

"Nilisikia. Nasema hii naoza."

"Ulifanya vizuri kuogopa. Lakini haya maji yakikaa chini ya bandeji yanakuwa na harufu kidogo. Ukiosha, harufu inaondoka. Kidonda kinachooza, unaosha na bado kinanuka. Pembeni panakuwa pekundu, panatanuka, mgonjwa anashikwa na homa. Ukiona hayo, usingoje mstari wala Jumatatu. Mlete hata Krismasi."

Mama hakuridhika. "Na mbuzi yangu yote nilitibu na jua, hiyo ilipona ya uongo?"

"Walipona, mama. Lakini mbuzi haongei. Huyu anaweza kutuambia kinamuuma wapi."

Mama akafikiria. Halafu akacheka, na alipocheka nikajua tumevuka. Sister Mwende akamwuliza ninakula nini. Mama akasema chai na ugali, maana nakataa vingine. Sister akamwambia kidonda kikubwa kinakula kama mtoto anayekua: maziwa, nyama, mayai, samaki, maharagwe. Ah, hapo mama alipata kazi anayoiweza. Ekal alituma maziwa ya ngamia kwa kila gari lililotoka Kaaleng. Mama alinichemshia supu ya mbuzi, akanisimamia mpaka bakuli linakauka. Kila mgeni aliyeingia akitaka kuinua ile bandeji achungulie, mama alimwonyesha mstari wa kalamu na kumwambia, "Hii ni mpaka. Haijafika." Aliulinda mguu ule kama malisho.

Zile bandeji hazikuwepo siku zote. Kuna wakati sponji ziliisha, Sister Mwende akatumia nyuzi laini zinazogeuka ute zikilowa. Kuna wakati alitumia shashi, lakini ile iliyopakwa mafuta maalumu isishikane na nyama, na akaibadilisha taratibu. Aliniambia si kila kidonda kinataka bandeji moja. Chenye maji mengi kinataka ya kunyonya, kikavu kinataka ya kulowesha, na chenye uambukizo kinatibiwa uambukizo kwanza. Bandeji peke yake si muujiza. Mimi nilipimwa sukari, nilitolewa nyama iliyokufa, nilipewa dawa. Lakini bila zile bandeji nisingekubali kutibiwa tena, na huo ndio ukweli wangu.

Kidonda kikaanza kujaa kutoka chini. Ile kamba nyeupe ikafunikwa. Daktari Wafula alikuwa amesema huenda akatoa ngozi ya paja aipandikize. Kila alipokitazama kidonda alisema, "Tungoje kidogo," kwa ule upole wake wa kuchosha, na kila tulipongoja shimo lilikuwa limepungua. Ngozi mpya ilikuja kutoka pembeni, nyembamba, ya waridi, kama ngozi ya mtoto mchanga. Ikaanza kuwasha. Kuwasha kule! Nilikuwa napiga makofi ukutani ili nisijikune. Mwishowe daktari akasema kisu hakihitajiki tena.

Siku aliyonitoa bandeji ya mwisho, Sister Mwende aliniambia nisimame. Nikasimama. Akasema nitembee mpaka mlangoni. Nikatembea, nikapita mlango, nikafika koridoni, nikaenda mpaka nje kwenye jua, naye ananifuata anaita, "Nilisema mlangoni!" Ekal alikuwa amekuja, amekaa chini ya mti wa hospitali. Aliniona nakuja kwa miguu miwili. Aliinuka, akatazama chini, akatazama juu. Akasema, "Ejok." Basi. Lakini alirudia mara nyingi tukiwa njiani, ejok, ejok, kama mtu aliyesahau maneno mengine.

Sasa tazameni. Hapa ndipo ilipokuwa. Kovu limevuta kidogo, kifundo hakikunjiki kama zamani, nikitembea sana linakaza. Kwenye baridi ya asubuhi linaniuma. Nimewaacha watu wengi waliguse, na wewe mama uliye mbele hapa, njoo uliguse, usiogope.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mama Espérance, ambaye alimfukuza mwenye wembe. Nawashukuru madaktari na manesi wa hapa Kakuma na wa Lodwar. Namshukuru mama yangu, aliyekubali kujifunza kitu kipya katika uzee wake, na kunichapa mkono.

Na ninyi mliokaa kwenye benchi mnangoja kuitwa, nawaomba jambo. Mkiumwa na nyoka, msichanje, msifunge, msitembee, nendeni hospitali. Mkiwa na kidonda, msikinyunyizie kila unga. Mkiona bandeji imeshikana, msiivute, ilowesheni kwa maji safi mpaka iachie. Na kikiwauma, semeni. Msiseme nani asiyejua kwamba kidonda kinauma. Mimi nilinyamaza nikaona ni ujasiri, na kidogo tu ningeacha mguu mzima kwenye ndoo ya hospitali. Mwulizeni nesi: kuna bandeji isiyoshika? Kuna dawa ya maumivu kabla hujaanza? Huenda akasema leo hakuna. Ulizeni tena siku nyingine.

Mtaniwia radhi kwamba nimeongea muda wote huu nimesimama. Kiti mlichoniletea nimekiona, asanteni. Ni vile tu, mtu akirudishiwa kusimama bila maumivu, hana haraka ya kukaa.